SINANDEVU, MMEA USIO NA JANI WA NYIKA YA VOI

Wataalamu wa mimea wameipa mimea yote ya dunia majina ya Kilatini, ili mtu wa Japani na mtu wa Ujerumani waweze kuzungumza habari za mmea mmoja bila ya kukosana. Majina hayo kwa kawaida ni magumu katika masikio ya Mwafrika. Lakini uko mmea mmoja ambao nusu ya jina lake la kitaalamu ni Kiswahili kitupu. Jina hilo ni Hydnora sinandevu, na neno lake la pili ni maneno mawili yaliyounganishwa: "sina ndevu".

Mmea huu huota katika nchi kavu za Kenya na Tanzania, na nyika ya Taita Taveta ni miongoni mwa makao yake. Ni mmea wa ajabu sana. Hauna jani hata moja, hauna shina juu ya ardhi, wala hauna rangi ya kijani mahali popote. Karibu maisha yake yote hupita chini ya udongo, ukinyonya chakula katika mizizi ya mti mwingine. Mtu aweza kuchunga mbuzi mahali pamoja miaka ishirini asijue kwamba mmea huo uko chini ya nyayo zake.

Habari za sinandevu zafaa kujulikana kwa sababu mbili. Kwanza, watu wa nyika ndio wakaao karibu nao kuliko mtaalamu yeyote, nao ndio wawezao kuuona siku utokezapo. Pili, maisha yake yamefungwa pamoja na maisha ya miti ambayo leo hukatwa kwa wingi kwa ajili ya makaa. Mti ukienda, na mmea huu huenda pamoja nao.

JINA LAKE LILIVYOPATIKANA

Mtaalamu wa kwanza kuandika habari za jamii hii ya mimea alikuwa Carl Peter Thunberg, mtu wa Sweden aliyesafiri Afrika ya Kusini. Mwaka 1775 aliandika habari za Hydnora africana, naye aliudhani kuwa ni uyoga. Kosa hilo si la kushangaza. Kitu kinachopasua udongo baada ya mvua, kisicho na jani wala tawi, chenye nyama nene na harufu mbaya, ni nani asiyedhani kwamba ni uyoga? Lakini uyoga hauna ua wala mbegu, na mmea huu unavyo vyote viwili. Siku hizi wataalamu waweza kupima urithi uliomo ndani ya chembe za mimea, na vipimo hivyo vimeonyesha jambo la kustaajabisha zaidi: jamii ya Hydnora ina udugu wa mbali na mpilipili manga.

Aina za Hydnora zijulikanazo duniani ni chache, yapata kumi tu. Ziko katika Afrika, Bukini na Bara Arabu. Huko Amerika ya Kusini wako ndugu zao wa karibu, ambao huitwa Prosopanche, nao pia hawana majani na huishi kwa kunyonya mizizi.

Sinandevu ulielezwa kuwa aina ya peke yake mwaka 2002. Walioueleza walikuwa Henk Beentje wa bustani ya Kew, Uingereza, na Quentin Luke, mtaalamu wa mimea wa Kenya. Maelezo yao yalitolewa katika kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika ya Mashariki, ambacho kazi yake ilianza mwaka 1948 na kumalizika mwaka 2012, na ndani yake mna aina zaidi ya 12,000 za mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania. Aina nyingine za Hydnora zina nywele ngumu katika panda za ua, mfano wa ndevu za mzee. Aina hii mpya haikuwa nazo. Basi wakaona vema mmea uzaliwao katika nchi ya Waswahili ujieleze wenyewe kwa Kiswahili: sina ndevu.

MWILI WAKE

Kila mkulima ajua kwamba jani ni jiko la mmea. Mizizi huleta maji na chumvi za udongo, jani huchukua hewa, na mwanga wa jua ndio moto wa kupikia. Rangi ya kijani iliyo katika jani ndiyo ifanyayo kazi hiyo ya upishi. Mmea usio na rangi ya kijani hauna jiko, na asiye na jiko hana budi kula kwa jirani.

Mwili wa sinandevu ni shina lililolala chini ya ardhi. Shina hilo ni nene, lina vinundu vingi, na hutambaa udongoni likitafuta mizizi ya mti wake. Likiufikia mzizi hujipachika, likapenya mpaka ndani kwenye mishipa ipitishayo maji na chakula. Tangu hapo mti ndio unaopika, na sinandevu ndio unaokula. Mimea mingine mingi inyonyayo imebakiza alama ya majani ya zamani, kama vile magamba madogo madogo. Jamii ya Hydnora haikubakiza hata magamba.

Jinsi mimea hii ilivyoacha kujipikia imeonekana pia katika vipimo. Ndani ya chembe za mmea wa kijani mna vyumba vidogo sana vya kupikia chakula, na kila chumba kina maagizo yake ya urithi, ambayo kwa kawaida hupita mia moja. Mwaka 2016 wataalamu walitangaza kwamba wamesoma maagizo hayo katika Hydnora visseri ya kusini mwa Afrika. Walikuta yamebaki 24 tu. Yale yote yahusuyo kupika kwa mwanga wa jua yalikuwa yamepotea. Nyumba imebaki, lakini mafiga yameondolewa. Kwa hiyo mmea kama huu hauwezi kurudi nyuma na kujitegemea. Hauna njia nyingine ya kuishi ila ile ya kumpata mwenyeji wake.

SI WANYONYAJI WOTE WALIO ADUI WA MKULIMA

Watu wa Afrika ya Mashariki wanaijua mimea mingine inyonyayo. Katika pwani uko mlangamia, ule mmea wa nyuzi nyembamba ambao hutanda juu ya vichaka kama wavu wa mvuvi uliotupwa. Katika mashamba ya mahindi, mtama na wimbi, hasa upande wa Nyanza na sehemu nyingi za Tanzania, kiko kiduha, chenye maua mazuri ya rangi ya zambarau au waridi, nacho hunyonya mizizi ya nafaka mpaka shamba zima likadumaa. Kiduha kina majani ya kijani na chaweza kujipikia kidogo, lakini hasara yake ni kubwa sana kwa mkulima.

Kwa hiyo mtu akisikia kwamba kuna mmea mwingine unyonyao mizizi katika Taita Taveta, aweza kuingiwa na hofu na kuchukua jembe. Hofu hiyo haina msingi. Sinandevu haugusi mahindi, wala kunde, wala mkonge. Kila aina ya Hydnora ina miti yake iliyoichagua. Aina za kusini, katika Namibia na Afrika ya Kusini, nyingi hunyonya mimea ya jamii ya mtupa na mnyaa, yenye utomvu mweupe. Hydnora abyssinica, ambayo huonekana katika nchi nyingi za Afrika ya Mashariki, hunyonya migunga. Sinandevu hunyonya miti ya jamii iitwayo Komifora.

Miti ya Komifora ni mashuhuri kwa kila mtu wa nyika, ijapokuwa kila kabila lina majina yake kwa aina zake mbalimbali. Ni miti mifupi, mingi yake ina miiba, na shina lake ni nene na lenye maji. Gome la aina nyingine hubambuka kama karatasi. Wakati wa kiangazi hupukutisha majani yote, nchi ikaonekana kijivu kama iliyokufa, na mvua ikinyesha siku chache tu nyika nzima huwa kijani. Fimbo zake zikichomekwa ardhini huchipuka, ndiyo maana watu huzitumia kwa maboma na nyua. Manemane, iliyotajwa katika vitabu vya dini na kuchukuliwa na majahazi tangu zamani, ni utomvu wa mti wa jamii hii hii.

Miti hiyo hunyonywa lakini haiuawi. Mnyonyaji aishiye miaka mingi juu ya mwenyeji mmoja hana faida ya kumwua, kwa maana siku mwenyeji afapo, naye pia hufa.

UA LAKE NA WADUDU

Mara moja moja, hasa baada ya mvua, mmea huu hutoa ua. Tumba husukuma udongo kutoka chini, ardhi ikapasuka, na ua likatokeza kichwa chake tu. Sehemu yake kubwa hubaki udongoni, mfano wa mtungi uliofukiwa mpaka shingoni. Panda zake ni nene kama ngozi, nazo hufunguka zikaacha nafasi za kuingilia.

Maua mengi hualika nyuki na vipepeo kwa harufu nzuri na asali. Ua la Hydnora hualika wageni wa namna nyingine. Harufu yake ni ya kitu kilichooza, na waitikao mwito huo ni mende na nzi ambao hutafuta mizoga ili watage mayai yao. Mdudu hufika akidhani amepata nyama, kumbe ameingia katika nyumba ya ua.

Yale yatendekayo humo ndani yalichunguzwa katika Hydnora africana huko Namibia, na habari zake zilitolewa mwaka 2009. Ua hilo huwa jike kwanza, kisha huwa dume. Siku za kwanza sehemu ya kike huwa tayari kupokea chavua. Mende akiingia, kuta za ndani humtelezesha akashindwa kupanda, basi hufungwa humo kama mtu aliyetumbukia kisimani. Akiwa amekuja na chavua mwilini kutoka ua jingine, humwaga chavua hiyo mahali pake. Baadaye sehemu ya kiume hufunguka, na mende huyo hupakwa chavua mpya. Ndipo kuta za ndani hubadilika, zikawa za kupandika, na mfungwa hutoka salama. Akidanganywa mara ya pili na ua jingine, kazi imetimia.

Hapa yafaa kutazama neno moja. Ili mpango huu ufanikiwe, lazima pawe na maua mawili yaliyochanua karibu karibu kwa wakati mmoja, na wadudu wa kutosha wa kwenda na kurudi. Mmea ukibaki mmoja peke yake katika kichaka kilichotengwa, ua lake huita bure.

TUNDA NA MBEGU

Tunda la Hydnora hukua udongoni. Ni la mviringo, lina ganda gumu, na ndani yake mna nyama laini yenye mbegu maelfu kwa maelfu, ndogo sana. Wanyama hulifukua kwa kufuata harufu. Kusini mwa Afrika tunda la Hydnora africana huliwa na bweha, nyani na nungunungu, na watu pia hulila. Katika Bukini iko aina ambayo jina lake la Kilatini, esculenta, maana yake ni "ya kulika". Mbegu hupita matumboni mwa wanyama na kuangushwa mbali pamoja na mavi yao.

Lakini mbegu nyingi si dalili ya mimea mingi. Mbegu ya hindi huota mahali popote penye unyevu. Mbegu ya Hydnora ni ndogo mno, haina akiba ya chakula ya kuilisha siku nyingi, wala haina jani la kuisaidia. Katika majaribio yaliyofanywa na wataalamu juu ya Hydnora triceps, mbegu ziliamka zilipopata dawa itokayo katika mizizi ya mti wake, si maji peke yake. Yaani mbegu hungoja mpaka isikie harufu ya mwenyeji. Ikianguka hatua chache mbali na mzizi ufaao, au ikianguka chini ya mti wa jamii nyingine, huo ndio mwisho wake. Basi katika maelfu hayo, zifikazo ni chache sana.

NCHI YA SINANDEVU

Mgeni akitajiwa Taita Taveta hufikiri juu ya milima. Iko milima ya Dawida yenye kilele cha Vuria, mita 2,208 juu ya bahari, na iko Sagalla na Kasigau. Ukungu utokao Bahari ya Hindi huigonga milima hiyo na kuilowesha, na misitu yake ina ndege na maua yasiyopatikana penginepo duniani. Kwa sababu hiyo wataalamu wengi wameipanda milima hiyo wakaipita nyika ya chini upesi.

Lakini sehemu kubwa ya wilaya hiyo ya zamani, ambayo leo ni kaunti, ni nchi ya chini. Mji wa Voi uko karibu mita 600 tu juu ya bahari. Mvua yake kwa mwaka ni kama nusu ya ile inyeshayo milimani, nayo huja kwa misimu miwili, masika kuanzia Machi hata Mei, na vuli kuanzia Oktoba hata Desemba. Kati ya misimu hiyo jua huwaka na ardhi nyekundu hukauka kabisa. Hii ndiyo nyika ambayo misafara ya zamani iliiogopa kwa kiu, na ambayo reli ya Uganda iliipitia kwa taabu kubwa ilipofika Voi na Tsavo katika miaka ya 1897 na 1898.

Vichaka vya Komifora na migunga ndivyo vazi la nchi hiyo. Vimetanda tangu nchi ya Wasomali na kusini mwa Ethiopia, vikashuka mashariki mwa Kenya, vikapita Voi, Maungu na Maktau, na kuvuka mpaka mpaka Mkomazi katika Tanzania. Mtu akitaka kujua sinandevu waweza kuwa wapi, na aanze kwa kutazama ramani ya miti hiyo. Pasipo na Komifora, hapana sinandevu. Lakini kinyume chake si kweli: penye Komifora si lazima sinandevu uwepo. Mwenyeji ni wa nchi nyingi, mgeni ni wa mahali pachache.

NI NADRA, AU NI WA KUFICHIKA?

Swali hili latakiwa kufikiriwa vizuri, kwa maana kitu kisichoonekana mara nyingi si lazima kiwe kichache. Twiga wa nyika huhesabiwa kwa ndege ya anga kwa sababu hujitokeza. Sinandevu hauwezi kuhesabiwa hivyo. Huonekana tu wakati wa ua au tunda, na ua lenyewe hukaa siku chache. Mtaalamu afikaye Voi katika kiangazi atarudi mikono mitupu, hata kama mmea uko chini ya kiti alichokalia.

Tena, maua ya aina mbalimbali za Hydnora hufanana machoni pa mtu asiyezoea. Tofauti ziko katika panda za ua, nywele zake, na mti unyonywao. Kipande cha shina kilichochimbwa bila ya ua, na bila ya kuandikwa kilitoka katika mzizi wa mti gani, hakisemi mengi. Kwa ajili hiyo, ramani ya mmea huu huonyesha mambo mawili kwa pamoja: huonyesha mahali mmea ulipo, na huonyesha mahali ambapo mtu mwenye macho alipita siku ifaayo. Alama zikiwa nyingi kando ya njia kuu, maana yake yaweza kuwa kwamba watu hupita njiani, si kwamba mmea wapenda barabara.

Hata hivyo, kufichika hakuondoi hatari. Mmea ulio na mwenyeji wa jamii moja tu, unaohitaji wadudu maalumu, na ambao mbegu zake nyingi hupotea, hauwezi kurudi upesi mahali ulipokwisha kuondolewa.

TEMBO, UKAME NA MAKAA

Historia ya Tsavo yaonyesha jinsi nyika iwezavyo kugeuka katika maisha ya mtu mmoja. Hifadhi ya Tsavo ilifanywa mwaka 1948. Wakati huo sehemu za mashariki, karibu na Voi, zilikuwa vichaka vizito vya Komifora. Katika miaka ya 1950 na 1960 tembo walikusanyika wengi ndani ya hifadhi. Walivunja miti ya Komifora na kuimenya mibuyu, na moto ukafuata katika majani makavu. Nchi nyingi iliyokuwa kichaka ikawa mbuga ya majani. Kisha ukaja ukame mkali wa miaka ya 1970 na 1971, na tembo maelfu wakafa kwa njaa. Baada ya hapo majangili wa pembe waliwaua wengine wengi sana, hata hesabu ya mwaka 1988 ilipofanywa, katika Tsavo na nchi zilizo kando yake walionekana chini ya 6,000. Tembo walipopungua, vichaka vilianza kurudi. Baadaye tembo nao waliongezeka tena, na hesabu ya mwaka 2021 ilionyesha karibu 15,000.

Katika mambo hayo yote, mmea unyonyao mizizi ya Komifora haukuwa na la kufanya ila kufuata bahati ya mti wake. Lakini kuna jambo la kutia moyo. Mti uliovunjwa tawi na tembo mara nyingi huwa na mzizi ulio hai bado, na mzizi ukiwa hai, mnyonyaji naye aweza kuishi. Tena tembo huacha miti hapa na pale, na nchi ikipumzika huchipuka.

Shoka na tanuru la makaa vina desturi nyingine. Nje ya hifadhi, katika mashamba makubwa ya mifugo na ardhi za wananchi, miti ya nyika hukatwa kwa ajili ya kuni na makaa, na pengine kichaka chote hufyekwa na visiki vikang'olewa ili papatikane shamba. Miti ipendwayo kwa makaa ni ile migumu kama migunga, lakini kichaka kifyekwapo, Komifora nayo huanguka. Kisiki king'olewapo, mwenyeji na mgeni wote wawili hukoma siku moja.

Hatari nyingine ni jembe la mchimba dawa. Katika Kenya na Sudan, shina la chini la Hydnora huchimbwa kwa dawa ya tumbo, maana lina ukali wa kukaza kama ule utumikao kutengeneza ngozi. Mtu achumaye majani ya mti huuacha mti ukiwa hai. Mtu achimbaye shina la Hydnora huchukua mmea mzima, kwa sababu hauna kitu kingine.

YALIYO KATIKA UWEZO WA WANANCHI

Si lazima mtu awe na elimu kubwa ili asaidie. Mchungaji, mwanafunzi au mama anayetafuta kuni aweza kufanya mambo haya:

1. Akiuona ua umetokeza udongoni baada ya mvua, asiling'oe wala asilikanyage. Ndani ya hifadhi ya taifa ni marufuku kuchukua mmea wowote pasipo kibali.

2. Aandike tarehe, jina la mahali, na mvua ilinyesha lini. Kama ana simu yenye kamera, apige picha ya ua lote kwa karibu, hasa panda zake, ili ijulikane kama lina nywele au halina.

3. Atazame mti ulio karibu, aandike jina lake kwa lugha ya nyumbani, na apige picha ya gome, miiba na majani. Wazee wa Kidawida, Kisagalla, Kitaveta na Kikamba wana majina ya miti hii, na jina hilo laweza kumwongoza mtaalamu kuliko maelezo marefu.

4. Apeleke habari kwa mwalimu, au kwa askari wa wanyama, au kwa Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Huko ndiko iliko hifadhi ya mimea mikavu ya Afrika ya Mashariki, iliyohamishwa kutoka Amani, Tanganyika, mwaka 1950. Kila mmea uwekwao humo huandikwa mahali ulipotoka na siku ulipochumwa, na kwa maandiko hayo ramani hutengenezwa.

5. Anayefyeka shamba na aache sehemu ya kichaka isiyoguswa, hasa kando ya makorongo na mipakani. Anayekata fimbo za kujengea ua akate matawi, auache mti wenyewe na mizizi yake.

Kulinda kichaka si kazi ya bure. Komifora na migunga hushika udongo mwekundu usichukuliwe na mafuriko ya vuli, hulisha nyuki, na huwapa mbuzi malisho ya kwanza mvua inapoanza. Huko Kasigau, kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, wenye mashamba makubwa ya mifugo waliingia katika mradi wa kuacha vichaka visimame, na tangu mwaka 2011 hati za hewa chafu iliyozuiwa na miti hiyo zimekuwa zikiuzwa katika nchi za ng'ambo. Hivyo imeonekana kwamba hata mti usiofaa kwa mbao waweza kuwa na bei ukiwa umesimama.

MASWALI YA KUJIFUNZA

Walimu na vikundi vya kusoma waweza kuyazungumza maswali haya:

1. Kwa nini mmea usio na rangi ya kijani hauwezi kujitegemea?
2. Kiduha na sinandevu vyote hunyonya mizizi. Ni kipi chenye hasara kwa mkulima, na kwa nini?
3. Ua la Hydnora hufaidikaje kwa kumfunga mende, na kwa nini humwachilia baadaye?
4. Tunda moja lina mbegu maelfu. Mbona mimea ni michache?
5. Mtu amesema, "Sijauona mmea huu hapa kwetu, basi haupo." Mjibuni.
6. Katika kijiji chenu, ni miti gani ya Komifora iliyobaki, na ni nani anayejua majina yake yote?